Harusi ya Picha Mbili

Kinyago kilitoka kwenye beseni la maji ya moto kikiwa kimelegea kama kitambaa, na kabla mama wa watu hajavuta pumzi ya pili kilikuwa kimeshamshukia usoni. Maji ya uvuguvugu yakamtiririka masikioni. Vidole vya wasichana wawili vikabonyeza puani, kidevuni, chini ya taya, mpaka mabegani, upesiupesi, kwa sababu plastiki ile haimsubiri mtu. Kisha ikaanza kukaza. Hapo mwili ukamwambia akimbie, lakini utakimbia vipi na kichwa chako kimebanwa kwenye ubao pande zote, kama ngozi iliyowambwa ngoma?

"Usimeze mate, mama," alisema binti wa vinyago. "Tulia tu, kinapoa."

Akatulia, ila mapaja yalikuwa yanacheza yenyewe chini ya shuka.

Sokoni, alikoanza kuuza mitumba angali msichana, walimwita Kipaza, maana alipopanda juu ya kreti kuwasemea wenzake hakuhitaji kipaza sauti. Aliwahi kumkatiza mkuu wa mji katikati ya hotuba akamwuliza choo cha soko kiko wapi. Mkuu wa mji akapoteza mstari aliokuwa anausoma, na hakuupata tena, wala choo hakikujengwa. Mwanamke huyo ndiye aliyekuwa amelala pale anatetemeka kwa kuogopa plastiki yenye matundu.

Sababu alikuwa nayo, ila hakuwahi kumwambia mtu. Mwaka ule walipokuja na tingatinga kuvunja mabanda (wakubwa wamesahau, waliovunjiwa hawajasahau), walimkamata yeye kwanza. Walimvika gunia la unga kichwani, wakamkalisha mahali asipopajua, wakamwuliza swali moja tu, tena na tena: wenzako ni nani. Alivuta vumbi la unga mpaka pua ikaziba, akawa anapumua kwa mdomo, na gunia linaingia mdomoni kila akivuta. Hakutaja mtu. Alipoachiwa aliwaambia wenzake kwamba walipiga porojo tu na askari, wakacheka, yakaisha. Lakini tangu siku hiyo hakuvaa tena nguo ya kupitishia kichwani. Magauni yake yote yalikuwa na vifungo mbele, na watu wakadhani ni mitindo.

Sasa uvimbe ulikuwa umemwotea nyuma ya koo, ukashuka shingoni na kukaa jirani kabisa na uti wa mgongo. Daktari wa mionzi, mwanamke mfupi asiyezungusha maneno, alimweleza yeye na wifi yake bila kupaka rangi. Mionzi inaweza kuuchoma uvimbe ule ukaisha. Lakini mionzi haina macho, inapiga pale ilipoelekezwa. Ikipishana kidogo upande huu, ukingo wa uvimbe unabaki na unaota tena. Ikipishana kidogo upande ule, inaunguza uti, na hapo mikono na miguu inaweza kuaga taratibu, miezi mingi baadaye, wakati majirani wameshamaliza kukupa hongera.

"Kwa hiyo utalazwa kwenye mashine tatu," alisema daktari, "na kwenye zote tatu ulale vilevile. Shingo ileile, kidevu kilekile. Ndiyo kazi ya hiki kinyago."

"Yaani awe maiti yuleyule mara tatu," alisema wifi.

Wifi huyu alikuwa dada wa marehemu mume wa Kipaza. Kaka mtu alipofariki, wote walitegemea wifi ahame na masufuria yake, lakini alibaki, na utani wao ukabaki vilevile, mchungu kama dawa ya minyoo. Daktari hakucheka. Kipaza alicheka, kwa kuwa kilichobaki kilikuwa kulia.

Wagonjwa wa kwenye benchi walikuwa wamezipa mashine majina. Ile fupi ya duara waliiita Bangili. Bangili inaona mifupa, na vipimo vya mionzi vinatokana na picha yake. Lile bomba refu la sumaku waliliita Handaki. Handaki linaona nyama, na ndilo linalosema uvimbe unaishia wapi. Ya tatu, inayochoma, ilikuwa Mkono, kwa jinsi kichwa chake kinavyomzunguka mtu kama mkono unaotafuta kitu uvunguni. Picha ya Bangili na picha ya Handaki hulazwa moja juu ya nyingine kwenye kompyuta, zikae sawasawa, ndipo mionzi ipangwe. Anayefanya kazi hiyo huitwa mpangaji. Wifi aliposikia aliuliza kama huyo mpangaji na mwenye nyumba wake wanaelewana kweli.

Kwenye Bangili Kipaza alipita, kinyago usoni, meno yakigongana. Ilikuwa wazi mbele na nyuma, na haikumkalisha sana. Handaki ndilo lilikuwa na mambo.

Kwanza, halikuwa jengo moja na la mionzi. Lilikuwa ng'ambo ya uwanja, chini ya mkuu mwingine. Siku ya uzinduzi wakuu hao wawili waligombea nafasi ya kusimama karibu na mgeni aliyekata utepe. Mmoja akasukumwa nje ya picha ya gazeti, na kuanzia hapo kila jengo likawa na serikali yake. Ugonjwa ni mmoja, shingo ni moja, serikali mbili. Handaki lilinunuliwa pamoja na ubao bapa na kofia laini, vitu vilivyotengenezwa makusudi ili mtu alale humo na kinyago chake kama alivyolala kwenye Bangili. Vitu hivyo vilifungiwa kabatini, na funguo akakaa nazo mkuu wa jengo la picha, ambaye alisema hatafanya kazi za mionzi kwa vifaa vyake. Hotuba za uzinduzi zilisema mashine ni za wananchi. Kabati hawakulitaja.

Mwendeshaji wa Handaki alikuwa mtu mzima wa kukaribia kustaafu. Wagonjwa walimwita Taratibu, kwa sababu neno hilo halimtoki mdomoni. Taratibu, mama, panda. Taratibu, geuka. Siku ya zamu ya Kipaza alijaribu kumwekea kinyago kwenye kitanda cha Handaki, chenye bonde katikati, kikakaa upande. Akajaribu kushusha kofia ngumu ya kupigia picha juu yake, ikagonga vibanio vya kinyago, haikushuka. Akanung'unika habari za kabati na funguo na mkuu aliye kikaoni. Alipoinama tena akaona vidole vya Kipaza vimekamata mkono wa koti lake, na nyuma ya matundu ya plastiki macho yake yametoka kama ya mtu anayezama.

"Hiki tukiache, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Lala tu kama kawaida."

Akakivua. Akamwekea sponji nene chini ya kichwa, akamfunika miguu na shuka iliyokunjwa mara mbili, akamsukuma ndani. Kipaza alilala kama kawaida, na kawaida ya shingo yake juu ya sponji nene ilikuwa kidevu kuangalia kifua. Mashine iligonga na kuunguruma, lakini alikuwa anahema na uso wake uko wazi. Alipotoka angeweza kumbusu yule mzee mikono. Mzee akamwomba jambo moja: wale wa jengo la mionzi wana maneno mengi, wakiuliza, kinyago kilivaliwa. Akaitikia. Hakuna wema mwingine aliowahi kufanyiwa katika hospitali ile ulioufikia huo.

Siku aliyoitwa kupewa tarehe ya kuanza, walikaa yeye na wifi kwenye benchi nje ya chumba cha mpangaji. Kitasa cha mlango kilikuwa kimelegea, mlango unazuiwa na kipande cha katoni, na sauti za ndani zilitoka zote.

"Harusi imegoma," alisema mwanaume mmoja.

Wifi akamgusa Kipaza kiwiko na kusogeza sikio.

"Tangu nimeingia nahangaika nayo. Bibi harusi ametulia zake. Bwana harusi amekuja na shingo nyingine."

"Afadhali shingo," alinong'ona wifi. "Wa kwangu alikuja na mke mwingine."

Walikuwa wanabanwa na kicheko, mabega yanaruka, ndipo sauti ya daktari ikauliza: "Ni yule mama wa sokoni?"

Kicheko cha Kipaza kilikatika. Kazi ya chumba kile ilikuwa kuoanisha picha, na kwa kuoanisha kila siku watu wake wakaishia kusema harusi. Bangili bibi, Handaki bwana. Zilizokuwa zinaozwa mle ndani zilikuwa shingo yake na shingo yake.

Mpangaji alikuwa anaeleza. Kuanzia masikio kwenda juu picha zinakaa, huwezi kutia wembe katikati. Kuanzia taya kushuka zinaachana. Uvimbe kwenye picha ya Handaki unaangukia ndani ya mfupa wa picha ya Bangili, jambo lisilowezekana. Daktari akauliza kama kule Handaki alivaa kinyago. Mpangaji akajibu kwamba amepiga simu mwenyewe, wamesema alivaa, kama kawaida. Basi, alisema daktari, labda shingo imevimba kati ya picha na picha. Kurudia kulikuwa na foleni yake, na kulikuwa na mkuu wa ng'ambo, atakayetaka barua juu ya barua.

"Naweza kuivuta," alisema mpangaji. "Kompyuta inaivuta nyama kidogokidogo mpaka inalala pale tunapotaka. Itakubali tu."

Kalamu ikagonga meza mara mbili.

"Ivute," alisema daktari. "Nitaiangalia."

Vidole vya Kipaza vilipoa kuanzia kwenye kucha. Alivitazama vilivyolala mapajani, akavikunja, akavikunjua. Vilikubali. Akazungusha vidole vya miguu ndani ya viatu, navyo vikakubali, na hapo hofu ikamshika barabara, kwa sababu sasa alijua nini hasa kinaweza kuondoka. Walikuwa wanakwenda kuinyoosha picha ya uongo ili ifanane na ya kweli, kisha wachome humo. Watu wawili waliosoma, wasio na nia mbaya, walikosa neno moja tu, na neno hilo lilikuwa kinywani mwake.

Akimeza, Mkono utamzunguka na kumchoma kwa ramani ya shingo isiyo yake. Akitema, atarudishwa ndani ya lile bomba, safari hii na kinyago usoni, amebanwa kwenye ubao. Na watamwuliza nani.

Wifi alimwona midomo imekauka. Kipaza akamwambia sikioni kwamba kule Handaki hakuvaa.

"Si useme, basi."

"Nikisema watataka jina."

"Watataka, utawapa. Kwani huyo mzee ni baba yako?"

"Sijawahi kumtaja mtu mimi."

Wifi akafungua mdomo atanie, akauona uso wa mwenzake, akaufunga. Na pale kwenye benchi, kwa maneno machache na bila kuinua macho, Kipaza akasimulia gunia. Unga. Swali. Mdomo unaovuta kitambaa badala ya hewa. Mzee yule alimwona anazama akamtoa, na sasa jina lake ndilo litakalobebeshwa kosa, maana mwenye funguo hatashikwa na mtu. Hilo alilijua vizuri. Maisha yake yote alikuwa ameona kosa la aliye juu likiteremka ngazi mpaka limpate aliye chini.

Wifi alifunga upya fundo la kanga yake. Halafu akasema, "Wale walikuuliza ili wapate mtu wa kumtesa. Hawa hawajakuuliza kitu. Kitu chao unacho wewe." Akavuta pumzi. "Na nikwambie jingine, wifi. Ukipooza, nani atakuogesha? Ni mimi. Nina mkono mzito, na nitakuwa nakusimulia habari za kaka yangu kila siku, na hutaweza kuondoka."

Kipaza alisimama. Aliusukuma mlango, kipande cha katoni kikadondoka, na watu wawili wakageuka kutoka kwenye kioo cha kompyuta chenye shingo mbili, moja ya kijivu, moja ya bluu, zimepishana kama miguu ya mlevi.

"Sikukivaa," alisema. Sauti iliyowahi kumnyamazisha mkuu wa mji ilitoka kama ya mtoto aliyevunja sahani. Akarudia. "Kinyago. Kule Handaki sikukivaa. Niliwekewa sponji, nikalala kama kawaida. Shingo haijavimba."

Mpangaji alitoa mkono kwenye kompyuta kana kwamba imemuunguza. Daktari alikuwa ameshanyanyua simu.

"Nani alikuvua?"

Lilikuwa swali lilelile, ila sasa liliulizwa na mwanamke aliyetaka kumponya, na Kipaza akasikia vumbi puani. Alishika kifungo cha juu cha gauni lake.

"Daktari, shingo ni yangu, na nimekwambia ilivyolala," alisema. "Jina la mtu halimo shingoni mwangu. Ukitaka jina, uliza nani anakaa na funguo za kabati lenye ubao wangu."

Daktari alimtazama. Akaiweka simu chini taratibu, akavua miwani, akaivaa tena. Akamwambia mpangaji asiguse picha ile, asivute hata unywele, akatoka.

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kwa mtu wa jengo la mionzi kuvuka uwanja ule kwa miguu yake. Wafagiaji walisimama na mafagio. Kipaza na wifi walifuata nyuma. Mkuu wa jengo la picha alipatikana ofisini, na kilichosemwa humo kilisikika mpaka kwenye bomba la maji la nje. Alisema kuna utaratibu. Alisema iandikwe barua. Alisema atataka kumjua mtumishi aliyekiuka, atamfukuza hata kama amebakiza mwezi astaafu. Daktari akasema vizuri, yeye na mgonjwa wake watakaa chini mlangoni pa Handaki, na kila atakayekuja ataelezwa kwa nini, mpaka kabati lifunguliwe.

Wakakaa kweli, sakafuni, daktari na koti lake jeupe. Wifi alijipa kazi ya maelezo. Kila mgonjwa aliyefika alielezwa habari za ubao, na kwa mdomo wa wifi ubao ulizidi kukua. Mtu angedhani Kipaza, aliyezaliwa kwa ajili ya mambo haya, alikuwa anafurahi. Alikuwa amekaa amekumbatia magoti, anaangalia mlango wa ofisi, na nusu yake nzima ilikuwa inaomba funguo zionekane zimepotea.

Hazikupotea. Mkuu alitoka na kuzitupa mezani bila kumtazama mtu.

Ubao ulitolewa ukiwa bado ndani ya nailoni yake. Mzee Taratibu alifuta vumbi mara nyingi kuliko vumbi lenyewe. Alipouweka kitandani bonde likafunikwa, kikawa bapa kama cha Bangili. Kipaza akapanda. Mzee akainama na kinyago mkononi.

"Umenitaja?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hapana."

"Watajua tu. Siku ile hapa nilikuwa peke yangu."

"Watajua. Ila si kwa mdomo wangu."

Alitikisa kichwa. "Nilikuonea huruma, mama."

"Najua, mzee. Leo usinionee huruma."

Akamvika. Plastiki ikaingia kwenye pua yake, taya yake, mabega yake, kila mahali panapojulikana, na kidevu kikapanda kikarudi pale kilipokuwa siku ya kwanza. Kibanio kimoja. Cha pili. Kila kimoja kililia karibu na sikio. Kofia laini, nyembamba kama mto uliokandamizwa, ikafungwa juu yake, na dari ikapotea. Mzee akamwekea kiganjani mpira mdogo, akamwambia ukiubinya tu, nakutoa, popote tutakapokuwa tumefika. Ila tukikutoa tunaanza upya.

Kitanda kikateleza.

Hewa ilikuwapo. Alijiambia ipo, akavuta, ikaingia kidogo, akavuta tena kabla ya ile ya kwanza kutoka. Moyo ulikuwa unapiga mpaka ubao unausikia. Alitaka kumeza, akakumbuka kwamba akimeza koo linasogea, akaacha mate yajae. Nje ya kuta za bomba kitu kikagonga, kikanyamaza, kisha kikaanza kupiga kelele kama chuma kinachokatwa, na kila neno alilolijua likamtoka kichwani isipokuwa moja, sasa, sasa, ubinye sasa.

Vidole vyake vilikuwa vimeuzunguka mpira. Aliviambia vikae. Machozi yalimtoka kwenye pembe za macho yakapita chini ya plastiki mpaka masikioni, na hakuweza kuyafuta. Kelele ikabadilika, ikawa nzito zaidi. Vidole bado vilikuwa vimekaa. Shingo haikusogea.